Dondoo Muhimu: Ukianguka, Ukiteguka, Ukivunjika

Mvua zikishika Mpuguso, vijia vya migombani huwa utelezi mtupu na miti ya parachichi haipandiki; ajali ikitokea, zingatia haya.

1. Aliyeanguka kutoka mtini akilalamikia shingo au mgongo, usimkalishe wala kumpakiza bodaboda. Mbebeni amelala, hata juu ya ubao wa mlango.
2. Usinyooshe mfupa uliopinda. Ufunge ulivyo kwa vipande vya mianzi na khanga, vipite kiungo cha juu na cha chini ya jeraha.
3. Mfupa ukitoboa ngozi, funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani; wahi Hospitali ya Makandana, Tukuyu, saa hiyohiyo.
4. Kifundo kikiteguka, weka kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20 na uinue mguu.
5. Usichue wala kukanda kwa maji ya moto siku 2 za kwanza: uvimbe huongezeka, na kama kuna ufa kwenye mfupa unaweza kuachana. Tafadhali, waelezeni na wazee.
6. Umefungwa hogo (plasta ngumu) na vidole vimekufa ganzi, vimepoa au vimebadilika rangi? Rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.
7. Usikate hogo kwa kuwa maumivu yameisha. Mkono wa mtu mzima hutaka wiki 6 hadi 8, muundi miezi 3 hadi 4 au zaidi. Watoto huunga upesi.
8. Chezesha vidole kila siku.
9. Kunywa maziwa, kula usipa mzimamzima, acha sigara.