Mkufunzi wa Foklifti: Kujua Kuendesha Hakutoshi

Katika maghala mengi, yawe ya chai, mbolea au nafaka, anayefundisha kuendesha foklifti huwa ni dereva wa miaka mingi. Ujuzi wake ni hazina, lakini kosa alilolizoea hurithiwa na kila anayemfunza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi wa kutosha. Kwa hiyo, mkufunzi naye aandaliwe kwanza.

Mambo ambayo mkufunzi lazima aweze kueleza

1. Uthabiti. Foklifti ya kawaida ina magurudumu manne, lakini hutegemea pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na katikati ya ekseli ya nyuma. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, mashine hupinduka. Hatari huongezeka dereva anapokata kona kwa kasi huku mzigo ukiwa juu.

2. Kibao cha uwezo. Kikiandikwa kilo 2,000 kwa milimita 500, kitovu cha mzigo huo kisizidi sentimita 50 kutoka mgongo wa uma. Mzigo mrefu wenye uzito uleule unaweza kuinua magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayogeuza mashine.

3. Mashine ikipinduka. Dereva wa foklifti ya kuketi asiruke, kwani anaweza kuangukiwa na mashine. Akiwa amefunga mkanda, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu na kuegemea kinyume na upande inakoangukia.

Namna ya kufundisha

- Eleza sababu kabla ya kuonyesha kitendo.
- Onyesha polepole, hatua kwa hatua.
- Mwanafunzi aanze bila mzigo, mahali pasipopita watu, kisha abebe mzigo mwepesi.
- Mtake aeleze kwa maneno yake kwa nini anafanya hivyo.
- Andika matokeo ya kila mwanafunzi na uyahifadhi.

Mwajiri naye ampe mkufunzi mamlaka ya kusema, “Huyu bado.” Mwanafunzi asipitishwe kwa sababu tu lori linasubiri kupakiwa.

Mkazi anayepewa ufunguo wa foklifti bila mafunzo amweleze msimamizi wake mapema. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake.