Mazoezi ya Mdakaji wa Besiboli Akiwa Peke Yake

Katika besiboli, mchezo unaopendwa mno Marekani na Japani, mdakaji huchutama nyuma ya mpigaji ili kuupokea mpira. Mkimbiaji wa timu pinzani anapojaribu kuiba kituo cha pili, mdakaji hulazimika kuurusha mpira huko, umbali wa takriban mita 38.8. Katika ligi kuu ya Marekani, tangu mpira utue kwenye glavu hadi ufike kituoni, hupita takriban sekunde 2 tu.

Aghalabu wanagenzi hudhani kuwa siri imo katika nguvu za mkono. La hasha! Mkono wenye nguvu haufidii muda uliopotea katika kuutoa mpira kwenye glavu na kuipanga miguu. Stadi hizi mbili hazihitaji mwenzi.

Kwanza, mdakaji aurushe mpira juu kidogo, audake kwa glavu, kisha autoe bila kuutazama, vidole viwili vikikatiza mshono. Mshiko huo husaidia mpira kwenda moja kwa moja. Pili, achutame mbele ya ukuta, aurushe mpira wa tenisi, audake unaporudi na kuupeleka karibu na sikio bila kuutupa. Tatu, aongeze miguu: atumiaye mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kulia, kisha huelekeza bega la kushoto kwenye shabaha iliyochorwa ukutani.

Usahihi utangulie, kasi ifuate. Bega au kiwiko kikiuma, mazoezi yakome.

Wahenga walinena: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa mdakaji, mwana huyo ni kituo cha pili.