Somo: Tableti Katika Dashibodi ya Lori



Siku hizi dereva wa kiwanda au wa shamba anaweza kuingia garini asubuhi akakuta kioo kimefungwa katika dashibodi, kinawaka. Hiyo ni tableti, ambayo wengine huiita kishikwambi. Ni kompyuta bapa inayoguswa kwa kidole. Humwonyesha dereva njia na orodha ya mizigo, na huku nyuma hupeleka ofisini habari za safari yake.

Wanachama huuliza: tukubali au tukatae? Sisi tunaona swali hilo halitoshi. Mashine haina nia njema wala mbaya; nia ni ya mwenye kuitumia. Tuulize maswali mawili. La kwanza: imefungwa namna gani, isije ikamdhuru dereva? La pili: nani atasoma yale inayoandika? Katika somo hili tutayachukua maswali hayo moja baada ya jingine. Wasioendesha magari nao wasome, maana mashine inayoanza katika lori kesho itafika kwenye mzani, kwenye trekta na kwenye mstari wa kazi kiwandani.

1. UMEME WAKE

Betri ya pikapu ni volti 12. Malori makubwa huwa na betri mbili zilizoungwa kwa mfuatano, jumla volti 24. Tableti nyingi hutaka volti 5 tu. Kwa hiyo haiwezi kuungwa moja kwa moja na umeme wa gari. Ni lazima pawe na kipunguza volti katikati. Kisomwe maandishi yake kabla ya kufungwa: kile cha volti 12 peke yake kikitiwa katika lori la volti 24 kitaungua, na huenda kikaunguza na vingine.

Pawe na fyuzi. Tableti inayokula wati 10 katika gari la volti 12 huvuta karibu ampea 1. Fyuzi ya ampea 2 au 3 yatosha. Ikae karibu na mahali umeme unapochukuliwa, wala si karibu na tableti, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wote. Fyuzi ikikatika mara kwa mara kuna hitilafu, na hitilafu itafutwe. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuwasha moto chini ya miguu ya dereva.

Umeme wa tableti uchukuliwe mahali panapozimika pamoja na ufunguo wa gari. Hesabu yake ni hii. Lori likiegeshwa Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi, ni saa 60. Kifaa kikivuta ampea 1 muda wote huo, kimekula ampea-saa 60. Betri nyingi za pikapu ni za kiasi hicho hicho. Jumatatu gari haliwaki. Na barua ya onyo ataandikiwa nani? Dereva, kwa "kutotunza gari". Kumbe kosa ni la aliyeunga waya.

Waya usichukuliwe kwenye nyaya za breki wala za mfuko wa hewa. Unapopita katika tundu la bati uvishwe mpira, maana gari hutikisika na bati hukata. Kazi hii ni ya fundi umeme wa magari. Haifai kuachiwa utingo mwenye kisu na utepe.

2. MAHALI PA KUIFUNGA

Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Akitazama kioo sekunde 2 tu, amekwenda mita 44 bila kuiona njia: karibu nusu ya uwanja wa mpira. Katika njia za shamba mita hizo 44 zinaweza kuwa na watoto wa shule, baiskeli ya matoke, au kundi la wakata miwa wanaorudi kambini.

Kwa hiyo tableti iwekwe juu kiasi ili dereva aione bila kuinama, lakini isizibe kioo cha mbele wala vioo vya pembeni. Isifungwe mbele ya mfuko wa hewa: mfuko huo ukifumuka katika ajali, tableti itarushwa usoni kama tofali. Ifungwe kwa skrubu na kishikio cha chuma, maana kile cha mpira wa kunyonya huachia katika joto na mashimo.

Joto nalo ni adui. Dashibodi iliyoachwa juani hupita sentigredi 70, hali tableti nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi sentigredi 35 hivi. Betri ya ndani huvimba, na ikivimba huweza kushika moto. Kifaa kitokacho kwa urahisi ili kiwekwe kivulini ni bora kuliko kile kilichochomelewa.

Juu ya yote, dereva asilazimishwe kujibu ujumbe gari likiwa linakwenda. Ofisi ikitaka jibu, ingoje asimame. Jambo hili liandikwe. Lisiachwe kuwa la maneno.

3. KINACHOANDIKWA NA KISICHOANDIKWA

Wengi hudhani kwamba setilaiti inawatazama kutoka juu. Sivyo. Setilaiti hutoa ishara tu. Tableti hupokea ishara za setilaiti kadhaa, hukokotoa yenyewe mahali ilipo, kisha hutuma habari hizo ofisini kwa mtandao wa simu. Pasipo na mtandao huziweka na kuzituma baadaye. Kwa njia hiyo ofisi hujua gari lilikuwa wapi, saa ngapi, kwa mwendo gani, na lilisimama muda gani.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mashine huandika kwamba gari lilisimama. Haiandiki kwa nini.

Tuchukue mfano. Dereva wa lori la miwa katika Busoga ametoka shambani saa 2 asubuhi. Njiani amesimama dakika 40, kwa sababu trekta limekwama katika matope na njia ni moja. Amefika kwenye lango la kiwanda, akangoja foleni ya mzani saa 3. Jioni bwana msimamizi anatazama kioo chake ofisini na kusema: "Wewe umesimama muda mrefu mno. Ulikuwa unauza mafuta?" Karatasi ya mashine iko mikononi mwa msimamizi. Dereva ana mdomo wake tu.

Sasa tugeuze karatasi hiyo hiyo. Saa 3 za foleni kila siku, kwa siku 6, ni saa 18. Dereva yule akifikisha saa 60 kwa juma, amepita saa 48 za kawaida kwa saa 12. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inataka saa za ziada katika siku za kazi zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kwa hiyo saa 12 hizo ni mshahara wa saa 18. Zamani karani aliweza kusema kwamba kungoja si kazi, na dereva hakuwa na ushahidi. Leo ushahidi umo katika tableti: dakika kwa dakika, mpaka mahali gari liliposimama.

Ndugu, karatasi ni moja. Ikisomwa na mwajiri peke yake ni fimbo. Ikisomwa na pande zote mbili ni mizani.

4. WENZETU WALIFANYAJE

Jambo hili si geni. Mwaka 1970 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilitoa amri kwamba malori yafungwe takografu, saa inayochora juu ya karatasi ya duara mwendo wa gari na saa za kazi na za kupumzika. Uingereza ilipoingia katika Soko hilo mwaka 1973, madereva na chama chao, Transport and General Workers' Union, waliipinga na kuiita jasusi ndani ya lori. Serikali yao ilichelewesha amri ile mpaka ikashtakiwa, na mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya iliamua dhidi yake. Mwisho wa mwaka 1981 takografu ikawa lazima.

Je, walishindwa? Si kabisa. Karatasi ile ile iliyoogopwa ilikuja kutumika kuwashtaki wenye malori waliowaendesha watu kupita kiasi. Na sheria ya Ulaya ya 1985 ilimtaka mwajiri azitunze karatasi hizo angalau mwaka mmoja, na ampe dereva nakala akiiomba. Shabaha yetu ndiyo hiyo: nakala.

Marekani nako serikali ilitoa mwaka 2010 kanuni ya kuandika saa za madereva kwa mashine. Chama cha madereva wenye malori yao wenyewe kilikwenda mahakamani, na mwaka 2011 mahakama ikaifuta, kwa kuwa serikali haikuweka kinga ya kutosha dhidi ya kuwasumbua madereva. Kanuni ikaandikwa upya mwaka 2015, na ikaanza kazi Desemba 2017. Safari hii imekataza mwajiri kutumia mashine kumsukuma dereva aendelee hali amechoka. Mwajiri akirekebisha kumbukumbu za dereva, dereva ni lazima ayathibitishe marekebisho hayo. Na kifaa cha kubebeka ni lazima kifungwe mahali pamoja, kionekane na dereva akiwa amekaa. Tazameni: mashine imebaki, lakini imefungwa kamba.

Shirika la Kazi Duniani nalo lina Mkataba Na. 153 wa 1979 juu ya saa za madereva. Unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku au 48 kwa juma, saa za ziada zikiwamo. Hata kama nchi haijautia sahihi, kipimo chake chafaa kupelekwa mezani. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 1997 juu ya habari za wafanyakazi unasema pia kwamba yaliyokusanywa na mashine yasiwe kigezo pekee cha kupimia kazi ya mtu.

5. TUDAI NINI

Wakati wa kuzungumza ni kabla skrubu ya kwanza haijatiwa. Ikishafungwa, mwajiri atasema desturi imekwisha kuwa. Tawi limwandikie mwajiri na kudai mapatano yenye mambo haya:

(a) Kifaa kifungwe na fundi, kikaguliwe na mwakilishi wa wafanyakazi pamoja na dereva wa gari lile. Betri ikifa au waya ukiungua kwa ajili yake, dereva asikatwe mshahara.

(b) Mwajiri aeleze kwa maandishi, katika lugha wanayoielewa madereva, kifaa kinaandika nini, nani anasoma, na kumbukumbu zitatunzwa muda gani.

(c) Dereva apate nakala ya kumbukumbu zake kila mwisho wa mwezi, bila malipo.

(d) Dereva awe na mahali pa kuandika sababu ya kila kusimama: pancha, foleni, tope, askari wa njiani, haja. Maneno yake yakae pamoja na karatasi ya mashine.

(e) Saa za kungoja langoni na kwenye mzani zihesabiwe kuwa saa za kazi.

(f) Kifaa kisitumike kumfuata mtu baada ya kazi, wala kamera na kinasa sauti chake visifunguliwe bila mapatano.

(g) Mtu asiadhibiwe kwa karatasi ya mashine peke yake.

Katika haya hatuombi fadhila. Sheria ya Uganda ya 2019 juu ya ulinzi wa habari za mtu inampa kila mtu haki ya kuuliza habari gani zake zimewekwa, na kutaka zilizo na makosa zisahihishwe. Rwanda ina sheria yake ya 2021. Na ile Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, amweleze sababu na amsikilize, akiwa na mwenzake aliyemchagua. Kioo cha tableti hakiondoi haki hiyo.

Mpaka mapatano yapatikane, kila dereva awe na daftari dogo mfukoni. Aandike saa ya kutoka, saa ya kusimama na sababu yake, saa ya kufika langoni, saa ya kupakua. Utingo aandike lake pia. Madaftari mawili yanayokubaliana ni vigumu kuyapuuza. Kwa wale ambao kalamu ni nzito, mwenzao awaandikie jioni ile ile, maana kumbukumbu ya juzi si ushahidi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA MATAWI

1. Katika kazi yenu, magari mangapi yana tableti au kifaa kingine cha kufuatilia? Nani aliulizwa kabla hakijafungwa?

2. Piteni kwenye gari moja pamoja na dereva wake. Fyuzi iko wapi? Je, kifaa huzimika ufunguo ukitolewa?

3. Pigeni hesabu: dereva wenu hungoja saa ngapi langoni kwa juma? Je, analipwa?

4. Kama si dereva: mashine gani inaandika kazi yako, na je, umewahi kuona ilichoandika?

Majibu yaandikwe na katibu wa tawi na yaletwe katika mkutano ujao, ili tukienda kwa mwajiri tuwe na hesabu mkononi.

Umoja ni nguvu.