Siku ya Familia za Mitaani Kanisani: Iandaeni Hivi

Makanisa mengi ya Nairobi huzikumbuka familia za mitaani Krismasi inapokaribia. Pilau hupikwa, nguo hugawanywa, picha hupigwa. Kufikia Jumatatu waumini wako makwao na wageni wao wamerudi kwenye veranda za maduka. Chakula ni jambo jema. Lakini mkitaka kanisa lielewe kwa nini watu hulala nje, na lifanye jambo kuhusu hilo, siku hiyo inahitaji mpango mwingine.

1. Chagueni tarehe mapema
Wakatoliki wana Siku ya Maskini Duniani, iliyoanzishwa na Papa Fransisko na kuadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017. Huwa Jumapili inayotangulia Sherehe ya Kristo Mfalme. Tarehe 12 Aprili nayo ni Siku ya Kimataifa ya Watoto wa Mitaani. Zote huja majira ya mvua, kwa hiyo pangeni mambo ndani ya ukumbi, si uwanjani. Jipeni miezi miwili ya maandalizi.

2. Nendeni kijiweni kwanza
Watu wanne au watano wanatosha. Nendeni mchana, bila kamera na bila ahadi. Kila kijiwe kina mtu anayesikilizwa. Msalimieni yeye kwanza. Ulizeni siku na saa inayowafaa, kwa sababu wengi hutegemea kuokota chupa na vyuma, na kuacha kazi hiyo nusu siku ni hasara. Kisha ulizeni kinachowakwamisha. Msishangae mkisikia kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kodi ya chumba kabla ya kusikia unga.

3. Wapokeeni kama wageni wengine
Choo kiwe wazi, maji na sabuni viwepo. Wageni wakae wamechanganyika na waumini, wasitengewe mabenchi ya nyuma. Chakula kitoke sufuria moja kwa wote. Wanaopokea watu mlangoni waambiwe wazi: huyu ni mama, yule ni kaka, yule ni mzee. Neno chokoraa libaki nje ya geti.

4. Elezeni chanzo
Somo la Isaya 58 linafaa, na mahubiri yawe mafupi ili muda ubaki wa maelezo. Sensa ya kitaifa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini Kenya, zaidi ya 15,000 wakiwa Nairobi. Baada ya takwimu, onyesheni njia inayomfikisha mtu huko: kibarua kuisha, kodi kulimbikizana, nyumba kubomolewa, ugomvi wa kifamilia, mtoto kukimbia kipigo. Mtu mzima aliyewahi kuishi mtaani azungumze ikiwa amependa mwenyewe. Apewe maswali siku kadhaa kabla, na arudishiwe nauli na siku yake ya kazi.

5. Walindeni watoto
Mtoto asitoe ushuhuda na asipigwe picha. Muumini asimchukue mtoto kwenda kuishi naye, hata kwa nia njema. Hilo lina utaratibu wa kisheria. Mwalikeni afisa wa watoto wa eneo lenu aueleze. Chapeni namba 116 kwenye karatasi ya matangazo: ni simu ya bure ya kuripoti mtoto aliye hatarini.

6. Sadaka iwe na kazi moja
Mkichangia kila kitu, fedha zitatawanyika. Chagueni kazi moja kutokana na yale mliyosikia kijiweni. Inaweza kuwa vyeti vya kuzaliwa. Inaweza kuwa sare na madaftari, kwani karo ya shule za msingi za umma iliondolewa 2003 lakini gharama hizo bado humrudisha mtoto nyumbani. Mhazini atangaze kiasi kilichopatikana siku hiyohiyo.

7. Msifunge ibada kabla ya kugawana kazi
Kila jumuiya itoe watu wawili, majina yao yaandikwe, na tarehe ya kurudi kijiweni itangazwe watu wakiwa bado wameketi. Baada ya mwezi, kamati isome taarifa kanisani: vyeti vingapi vimepatikana, fedha ngapi zimetumika, nini kimekwama na katika ofisi gani. Taarifa hiyohiyo isomwe kijiweni pia, kwa sababu fedha hizo zilichangwa kwa jina lao.