"Ni Uzee Tu"

Kabla ya kukabidhiwa kazi ya gazeti hili, tulipokuwa tukihudumu parokiani, tuliitwa usiku mmoja kwa mzee aliyesemekana yu katika saa yake ya mwisho. Tulimkuta mkekani, mikono yake ikishikashika hewa kama mtu achumaye matunda, akiwaita ndugu zake waliokwisha kufa, wala hamtambui binti yake aliyeketi kando. Jumapili iliyotangulia mzee huyo alikuwa nje ya nyumba yake akipukuchua mahindi na kubishana na jirani juu ya bei ya mbuzi. Tulimpa Mpako wa Wagonjwa, tukawafariji watu wa nyumba, kisha tukasema neno ambalo leo twaona haya kulikumbuka: "Ni uzee tu, Mama. Baba amekula chumvi nyingi."

Asubuhi mjukuu wake, kijana mkaidi, alimpakia katika mkokoteni wa ng'ombe akampeleka zahanati. Mwuguzi alimpapasa tumbo chini ya kitovu, akakuta kibofu kimejaa na kukaza kama ngoma. Kwa siku mbili mzee hakukojoa ila matone, na kwa haya hakumwambia mtu. Alitiwa mpira, mkojo ukatoka, na siku ya pili yake alikuwa akiuliza habari za mbuzi.

Twaisimulia aibu yetu hii kwa kuwa neno lile bado lasemwa kila siku katika nyumba zetu, na hata penye vitanda vya hospitali. Lakini uzee haumwondolei mtu akili zake kati ya Jumapili na Jumatano. Uko ugonjwa wa kusahau, ambao huja polepole kwa miezi na miaka. Huo ni jambo jingine. Kuchanganyikiwa kwa ghafula, kwa saa au siku chache, ni dalili kwamba mwili una ugonjwa mwingine uliojificha. Mgonjwa wa namna hii huonekana nafuu asubuhi na kuzidiwa usiku. Hawezi kufuata mazungumzo. Huona vitu visivyokuwapo. Wengine hawapigi kelele hata kidogo, bali husinzia mchana kutwa na kukataa chakula, na hao ndio wasahauliwao zaidi, maana hawamsumbui mtu.

Labda msomaji atauliza: mbona hana homa? Kijana akipatwa na nimonia huwaka moto, hukohoa na kushika ubavu. Mzee aweza kuwa na nimonia hiyohiyo bila homa kali wala kikohozi, na dalili ya kwanza ikawa kwamba hajui yuko wapi, au ameanguka njiani kwenda chooni. Hata moyo waweza kushambuliwa bila kifua kuuma. Malaria, uchafu katika njia ya mkojo, choo kilichofunga siku nyingi, mfupa wa nyonga uliovunjika: vyote hivi vyaweza kubisha hodi kwa mlango huohuo. Tena kiu hupungua kwa umri, hivyo mzee aweza kukaukiwa na maji pasipo kuomba hata kikombe kimoja.

Dawa nazo tuzitazame. Figo za mzee huzitoa polepole, zikakaa mwilini kuliko ilivyokusudiwa. Klorofenamini, ile tuinunuayo dukani kwa mafua na mwasho, yaweza kumvuruga mzee akili. Glibenklamidi ya kisukari, akiimeza bila kula, yaweza kushusha sukari hata akazimia.

Katika sehemu za Usukuma jambo hili lina ubaya wake wa pekee. Bibi vizee wameuawa huko kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini, yakahesabiwa kuwa ushahidi. Bibi aamkaye usiku akinena na wasioonekana yumo katika hatari mbili: ya ugonjwa wake, na ya majirani zake.

Wala kosa hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1935, mjini London, hospitali ya West Middlesex ilikabidhiwa nyumba jirani ya maskini yenye wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee, waliolazwa kwa muda mrefu bila tumaini. Daktari Marjory Warren akapewa kuwaangalia. Alifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa: aliwapima mmoja mmoja, akauliza kila mmoja anaugua nini. Wengi walisimama tena wakatembea, na baadhi wakarudi makwao. Kumbe kitanda chenyewe kilikuwa kimewadhuru. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wazee wenye afya nzuri waliolazwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu.

Basi mzee akibadilika ghafula, apelekwe siku ileile. Kama anayo sukari na bado aweza kumeza, apewe kwanza maji ya sukari. Kama hawezi kumeza, asitiwe kitu kinywani. Tumwambie daktari waziwazi, "Juzi hakuwa hivi," maana yeye hakumwona juzi. Aombwe kutaja siku za juma kinyumenyume, toka Jumamosi kurudi nyuma. Asiyekwenda shule naye aweza, na aliyezoea kuweza akishindwa, daktari apate kujua. Tuchukue dawa zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za duka na za miti shamba, bila kuficha hata moja. Miwani na mkongojo visiachwe nyumbani. Usiku akae naye mtu ambaye sauti yake aijua, taa iwe karibu, maji yawe karibu. Asifungwe kamba kitandani, kwa kuwa hofu humzidishia. Mara apatapo nguvu aketishwe, kisha asimamishwe.

Nasi tunapoitwa usiku siku hizi, twaanza kwa kuuliza: mara ya mwisho alikojoa lini?