Bomba la Chuma Karakanani: Kupima, Kukunja na Kuchomelea

Mada hii inaunganisha hisabati ya duara, fizikia ya joto na kemia ya metali. Wanafunzi wengi wanazijua kanuni zote, lakini swali likija na mchoro wa geti au mkokoteni wanakwama. Tufuate basi kazi moja: fundi wa Ipyana, wilayani Kyela, anatengeneza fremu ya mkokoteni wa kubebea magunia ya mpunga. Anatumia bomba la maji lililopakwa zinki.

Swali la mfano. Bomba lenye kipenyo cha nje cha mm 28 linakunjwa kwa pembe ya 90°. Nusukipenyo cha mkunjo, kikipimwa hadi mstari wa katikati ya bomba, ni mm 140. Mkono mmoja ulionyooka ni mm 300, mwingine mm 400. Kata kipande cha urefu gani? (Tumia π = 22/7.)

Jibu. Urefu wa tao = 90/360 × 2 × 22/7 × 140 = mm 220.
Jumla = 300 + 220 + 400 = mm 920.

Kosa la kawaida ni kupima kila mkono hadi kwenye kona, yaani 440 + 540 = mm 980. Bomba halipiti kwenye kona. Linakata njia kwa tao. Anayefanya hivyo anapoteza mm 60 kila kona, na fremu yenye kona nne itapoteza mm 240 za chuma kilichonunuliwa kwa fedha.

Kwa nini tunapima katikati? Kokotoa tao la ukuta wa nje: nusukipenyo ni 140 + 14 = mm 154, tao ni mm 242. Ukuta wa ndani: 140 − 14 = mm 126, tao ni mm 198. Kwa hiyo ukuta wa nje umevutwa kwa asilimia 10 na wa ndani umebanwa kwa asilimia 10. Katikati tu ndipo urefu unabaki ule ule. Hapo pia ndipo unapata sababu ya bomba kubonyea: ukuta wa nje unakuwa mwembamba na kuvutwa kuelekea katikati, wa ndani unafanya makunyanzi. Ukipunguza nusukipenyo, asilimia hizo zinaongezeka. Jaribu mwenyewe kwa mm 70.

Dawa ya zamani, na bado ni nzuri, ni kujaza bomba mchanga, kuushindilia, kuziba ncha kwa vizibo vya mti, kisha kupasha moto sehemu ya kukunja. Lakini mchanga unaochotwa mto Kiwira au Mbaka huwa na maji, na Kyela mvua ni nyingi. Sentimita 1 ya ujazo ya maji ikigeuka mvuke kwa 100°C katika kanieneo ya kawaida huchukua takriban sentimita 1,700 za ujazo. Ndani ya bomba lililozibwa hakuna nafasi hiyo, hivyo kanieneo hupanda mpaka kizibo kiruke kama risasi. Hata hewa peke yake, ikipashwa kutoka 27°C (300 K) hadi 627°C (900 K) bila kutanuka, kanieneo yake huwa mara 3. Kaanga mchanga mpaka ukauke kabisa, toboa tundu dogo kwenye kizibo kimoja, na usisimame mbele ya ncha.

Bomba likikunjwa baridi, ukiliachia hurudi kidogo kwa sababu ya mnyumbuko wa chuma. Fundi hulipitisha pembe kidogo.

Kuchomelea. Zinki huyeyuka kwa 420°C na kuchemka kwa 907°C. Chuma huyeyuka karibu na 1,500°C. Hivyo zinki hugeuka mvuke kabla chuma hakijayeyuka, huungana na oksijeni na kutoa moshi mweupe wa oksidi ya zinki. Anayeuvuta hupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa kadhaa baadaye, kwa kawaida jioni, akidhani ni malaria. Apimwe, kwa kuwa Kyela malaria ipo kweli, lakini amweleze mganga alichokuwa akichomelea. Maziwa ambayo mafundi hunywa hayauzuii moshi kuingia mapafuni. Kinachosaidia ni kuikwangua zinki kwa tupa au grenda pande zote za kiungo, huku umevaa barakoa, na kuchomelea mahali penye upepo.

Chuma kilichopata joto kikipoa husinyaa na kuvuta mkono upande wa kiungo. Shikiza kwanza kwa nukta ndogo pande zinazokabiliana, pima mishazari yote miwili ya fremu, ikilingana, malizia.

Palipokwanguliwa zinki patapata kutu haraka. Paka rangi ya kuzuia kutu, na toboa tundu upande wa chini wa bomba ili maji yasituame ndani.

Jipime
1. Mkunjo wa 90° una nusukipenyo cha katikati cha mm 210, na mikono miwili ya mm 250. Tafuta urefu wa kipande. Bomba la mita 6 litatoa vipande vingapi ikiwa kila mkato wa msumeno unakula mm 2?
2. Eleza kwa nini zinki huendelea kulinda chuma hata ikikwaruzwa kidogo.

Majibu: (1) mm 830, vipande 7. (2) Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, hivyo huliwa yenyewe kwanza.