Mzani wa Kazi Ugenini

Ndugu Waislamu, Garsen ni njia panda ya Malindi, Lamu na Garissa. Wamo vijana wetu wa Mto Tana walioanza kuosha sahani katika mikahawa ya wasafiri, kisha wakavuka bahari kutafuta riziki kwa kazi iyo hiyo. Wako wanaowacheka. Kicheko hicho ni ujinga: Nabii Daudi, juu yake amani, alikula kwa kazi ya mkono wake, na Nabii Zakaria alikuwa seremala.

Ila mtumishi na atazame anachokibeba. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuichukua pombe na mwenye kuinywesha, pamoja na mnywaji wake.

Je, akiitwa kuigiza huko? Barkhad Abdi, Msomali mzaliwa wa Mogadishu, alifika Marekani mwaka 1999. Akaigiza haramia katika filamu ya Captain Phillips ya 2013, na mwaka 2014 akatunukiwa tuzo ya BAFTA. Mwenye kuigiza wizi hakuiba. Lakini mwenye kutamka kufuru ametamka kwa ulimi wake, na mwenye kufunua uchi wake ameufunua kweli.

Basi mzani ni mmoja, jikoni na jukwaani: usiulize cheo wala ujira, uliza mkono na ulimi vimetenda nini.

Wallahu aalam.